Mashua iko Wete, skrini inasema iko katikati ya mkondo

Msomaji wetu wa Wete, Pemba, ameuliza hivi:

"Asalamu alaykum, maalim. Nimeunganisha bodi ndogo ya kompyuta, Arduino Uno, na moduli ya GPS ya NEO-6M na skrini ya LCD ya mistari miwili, nataka nimfungie ami yangu kwenye mashua yake. GPS naisoma kwa SoftwareSerial, maktaba inayozifanya pini za kawaida zipokee data, na programu ya kuichambua nimeiandika mwenyewe. Ndani ya nyumba hainipi kitu ila sifuri. Nikitoka nje inaonesha, lakini mara inaruka, mara inaganda. Na hata ikitulia inaniweka baharini, magharibi ya Wete, kila siku pale pale, na mimi nimekaa barazani kwetu. Saa nayo haieleweki. Watu wananiambia moduli ni mbovu, niagize nyingine. Nifanye nini?"

Waalaykumu salaam, kijana wangu. Usiagize. Moduli yako ni nzima, na ushahidi umeuandika wewe mwenyewe: inakuweka baharini kila siku pale pale. Moduli mbovu haiwezi kukosea kwa uaminifu namna hiyo. Kosa linalojirudia bila kubadilika ni kosa la hesabu. Kosa la kuruka na kuganda ni la data inayopotea njiani. Na sifuri za ndani ya nyumba ni jambo la tatu kabisa, lisilohusiana na hayo mawili. Umekuwa ukizitibu kasoro tatu kwa dawa moja, ndiyo maana kila ukigusa hapa panaharibika pale. Tuzitenganishe.

Kwanza isikilize moduli yenyewe kabla ya kuisikiliza programu yako. Iweke pembeni programu uliyonayo, andika nyingine fupi isiyo na skrini wala uchambuzi wowote: ikipata baiti kutoka kwenye GPS, iipeleke kompyuta kama ilivyo. Basi. Upande wa GPS weka kasi ya biti 9600 kwa sekunde, ambayo ndiyo NEO-6M huja nayo kutoka kiwandani. Upande wa kompyuta weka 115200. Wengi huweka 9600 pande zote mbili wakidhani lazima zifanane. Hazilazimiki, na ukizifanya sawa, Arduino inakaa kusubiri kutoa huku mambo mapya yanaingia, kisha unaweza kuona uharibifu ambao umeuleta wewe kwa kipimo chako.

Usipoona kitu kabisa, tizama nyaya. TX (ya kutuma) ya moduli inakwenda kwenye pini uliyoiita RX (ya kupokea) upande wa Arduino, na graundi zote mbili ziwe zimeungwa pamoja. Angalia pia solda. Moduli hizi mara nyingi huuzwa na pini zake pembeni, na mtu huzipachika tu kwenye matundu akadhani zimegusa. Ukiona alama zisizosomeka, kasi siyo. Na tafadhali usiifunge GPS kwenye pini 0 na 1 za Uno. Hizo ndizo USB inazozitumia, na kila ukitaka kupakia programu itagoma.

Waya wa kutoka Arduino kwenda RX ya moduli, mimi kwa kazi yako ningeuacha. Huipi GPS amri yoyote, wewe unasikiliza tu. Uno inatoa volti 5 na chipu ile inafanya kazi kwa volti 3.3, kwa hiyo waya huo usiouhitaji ndio unaoweza kuiumiza. Siku ukiuhitaji, weka rezista mbili za kugawa volti.

Mambo yakienda sawa, na ukiwa nje pa wazi, utaona mistari inayoanza na alama ya dola, na mmoja wao utafanana na huu:

$GPRMC,061512.00,A,0503.40212,S,03943.68604,E,0.412,,140325,,,A*68

Ukae na mstari huu, usiupite haraka, kwa sababu karibu matatizo yako yote yamo humu. Baada ya jina kuna saa. Kisha herufi A, maana yake vipimo ni halali. Ingekuwa V, usingetakiwa kuamini chochote kinachofuata. Kisha latitudo na S ya kusini, longitudo na E ya mashariki, kasi kwa noti (maili za baharini kwa saa), tarehe 14 Machi 2025, na mwisho kabisa, baada ya nyota, tarakimu mbili za ukaguzi. Tarakimu hizo zinapatikana kwa kuzipitisha herufi zote zilizo kati ya dola na nyota kwenye operesheni ya XOR, inayolinganisha biti kwa biti, moja baada ya moja. Chukua kalamu ufanye, utapata 68 kwa hesabu ya kumi na sita. Herufi moja ikipotea au ikibadilika njiani, hesabu inakataa. Programu yako haikagui hilo. Hukulitaja, lakini najua, kwa kuwa kama ingekagua isingeruka. Ingekaa kimya.

Sasa tuje kwenye kuruka kwenyewe. Nina hakika mwishoni mwa loop() yako, ile sehemu inayojirudia, kuna delay(1000), yaani lala milisekunde 1000, au delay(500), uliyoiweka ili skrini isimemete. Hapo ndipo data inapokufa.

Kwa kasi ya 9600, kila baiti inabebwa na biti kumi: ya kuanzia, nane za data, na ya kumalizia. Kwa hiyo ni baiti 960 kwa sekunde. NEO-6M haitumi mstari mmoja kwa sekunde. Inatuma kundi zima la mistari ya aina mbalimbali, RMC, VTG, GGA, GSA, GSV kadhaa na GLL, na kundi hilo linachukua karibu nusu sekunde kupita kwenye waya. SoftwareSerial inazipokea baiti hizo na kuzihifadhi kwenye bafa, ghala dogo la muda, yenye nafasi 64, na kwa jinsi inavyozungushwa, zinazotumika ni 63. Gawanya 63 kwa 960. Bafa inajaa ndani ya milisekunde 66 hivi. Wewe umelala milisekunde 1000. Ni ndoo ndogo chini ya bomba lililofunguliwa: maji hayakusubiri hata dakika moja urudi.

Urudi kwenye mstari wetu, uuhesabu. Una herufi 66, na mbili zisizoonekana za kufunga mstari zinafanya 68. Maana yake hata mstari huu mmoja haumo ndani ya bafa. Herufi ya 63 ni ile A ya mwisho. Nyota na 68 yake zimebaki nje. Kinachotupwa hapo ndicho hasa ambacho kingekwambia kwamba kuna kitu kimetupwa. Kisha programu yako inaamka, inasoma zile 63, bafa inapata nafasi, na baiti zinazoingia sasa ni za mstari mwengine kabisa, tena kuanzia katikati. Kwa macho ya programu yako huo ni mstari mmoja mrefu. Inahesabu koma, inafika koma ya tano, inachukua kilichopo na kukiita longitudo. Siku koma zikiangukia vizuri unapata jibu, zikiangukia vibaya mashua inaruka.

Dawa yake si kupunguza delay ikawa 200 au 100. Wala si kuipanua bafa ndani ya faili la maktaba ikawa 128, ingawa utakuta watu wanashauri hivyo. Hiyo ni kuahirisha. Dawa ni kuwa loop() isilale kamwe. Isome kila kilichokuja, kila inapozunguka, na kuandika kwenye skrini kufanywe kwa kutazama saa:

while (gpsWaya.available() > 0) {
  gps.encode(gpsWaya.read());
}
if (millis() - mwisho >= 1000) {
  mwisho = millis();
  andikaSkrini();
}

Hapo gpsWaya ni SoftwareSerial yako, na gps inatoka kwenye maktaba ya TinyGPS++ ya Mikal Hart. Nakusihi uitumie kwenye kifaa cha ami. Uchambuzi wako usiutupe, endelea kujifunzia, lakini kinachokwenda baharini kiwe kimekaguliwa na watu wengi kabla yako. Faida nyengine ni kwamba ina vihesabio vya kukufundisha nini kinatokea: charsProcessed() inakwambia ni herufi ngapi zimefika, passedChecksum() ni mistari mingapi imefaulu ukaguzi, failedChecksum() ni mingapi imefeli. Vichapishe vyote vitatu kila baada ya sekunde tano, bila kitu kengine. Herufi zikiwa haziongezeki, kosa ni la waya au kasi. Zikiongezeka na waliofeli pia wakiongezeka, unapoteza baiti. Zikiongezeka, wanafaulu, na bado huna mahali, basi tatizo liko juu angani. Kabla ya kubadilisha chochote, ipime hivyo programu yako ikiwa na delay, halafu uitoe upime tena. Tofauti utaiona kwa macho yako.

Kuna vitu vyengine vinavyolala bila kutangaza. readString() na readStringUntil() husubiri hadi sekunde moja nzima zisipopata wanachokitafuta. lcd.clear() nayo ni nzito. Andika juu ya maandishi ya zamani badala ya kufuta. Na ikiwa unaongeza herufi moja moja kwenye String, acha. Uno ina baiti 2048 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi, na String inayokua na kufutwa mara mamia kwa dakika inaikatakata kumbukumbu hiyo mpaka hakuna kipande kinachotosha. Kuganda kwako naona kunatoka huku. Mstari wa NMEA, yaani huu unaoanza na dola, kikawaida hauzidi herufi 82, kwa hiyo safu ya char yenye nafasi 90 inatosha, ila hakikisha huandiki kupita mwisho wake.

Sasa kwa nini baharini, na kwa nini pale pale?

Tizama longitudo: 03943.68604. Hiyo si digrii 39.4368604. Ni digrii 39, na dakika 43.68604. Wewe umegawanya kwa 100 ukasogeza nukta. Dakika inagawanywa kwa 60: 43.68604 ukigawa kwa 60 unapata 0.72810, kwa hiyo longitudo sahihi ni 39.72810. Latitudo hivyo hivyo, 3.40212 kwa 60 ni 0.05670, nayo ni 5.05670. Njia yako imekupa 39.4369 na 5.0340. Zitie jozi zote mbili kwenye ramani. Iliyo sahihi iko Wete. Yako iko kilomita kama 32 magharibi, katikati ya Mkondo wa Pemba, baina yako na Tanga. Imekwenda magharibi tu na haikupanda sana kaskazini kwa sababu dakika za longitudo yetu ni nyingi na za latitudo ni chache. Kosa linakua na dakika. Mwenzako aliye penye dakika mbili au tatu pande zote mbili angekosea kwa kilomita chache, asigundue chochote kwa miezi.

Kwa hiyo: chukua sehemu nzima baada ya kugawa kwa 100, hizo ndizo digrii, dakika zilizobaki zigawe kwa 60 uzijumlishe. Kisha, kwa kuwa herufi ni S, weka alama ya hasi. Usipoiweka, barazani kwenu patakuwa kusini mwa Ethiopia, karibu na Negele. Msimbo mwingi unaozunguka mtandaoni umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani walio kaskazini mwa ikweta, na haujawahi kulazimika kuijua S, kwa hiyo huku kwetu jambo hili lazima ulikague mwenyewe.

Na unapoandika kwenye skrini, usiandike lcd.print(longitudo) ukaishia hapo. Bila kuambiwa, print inatoa tarakimu mbili tu baada ya nukta, na sehemu ya mia moja ya digrii kwetu ni zaidi ya kilomita moja. Andika lcd.print(longitudo, 5). Kwenye Uno hakuna faida ya kutangaza double badala ya float, zote ni baiti nne, na kwa kazi hii zinatosha. Kosa lake linakuja kama nusu mita.

Saa. Una makosa mawili hapa. Moja ni la ukubwa wa namba: int ya Uno inaishia 32767. Saa ya mstari wetu, 061512, ni elfu sitini na moja na kitu. Haimo, inageuka kuwa hasi 4024. Na angalia hila yake: GPS inatumia saa za UTC, yaani saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo mpaka karibu saa kumi na mbili na nusu za asubuhi kwetu namba bado haijafika 32767 na kila kitu kinakwenda. Ukijaribu baada ya sala ya Alfajiri kifaa ni kizima, ukijaribu saa mbili kimeharibika, nawe hujagusa kitu. Tumia long.

La pili ni kuwa ami yako hasomi saa za Kizungu, na hapana sababu ya kumlazimisha. Ongeza tatu upate saa za Afrika Mashariki, toa sita upate saa zetu. Kwa ufupi, chukua saa ya UTC, ongeza 9, chukua baki ya kugawa kwa 12, na ikitoka sifuri andika 12. Mstari wetu una 06:15, nayo inatoka saa tatu na robo asubuhi. Tarehe tu ndiyo uiangalie: ya UTC inabadilika saa tisa za usiku kwetu.

Ndani ya nyumba sina maneno mengi. Bati linazuia. Setilaiti ziko kilomita elfu ishirini na kitu juu, mawimbi yake yanafika yamechoka, na hayapiti kwenye bati wala kuta nene. Mawingu ya masika hayazuii, hilo lisikutie wasiwasi. Toka nje, antena ya kauri itazame juu, na ukiiwasha kwa mara ya kwanza uipe muda: taarifa za mzunguko wa kila setilaiti zinatumwa kwa biti 50 tu kwa sekunde, na kundi lake zima huchukua sekunde 30 ikiwa hakuna kilichokatika. Chini ya mnazi au mkarafuu, zaidi.

Lililobaki ndilo ninalolijali kuliko yote, kwa kuwa kifaa hiki kinakwenda majini na mtu ndani yake. Skrini haina habari kama namba zilizoandikwa juu yake ni za sasa au za nusu saa iliyopita. Waya ukilegea, chumvi ikila pini, antena ikifunikwa na tanga, programu yako itaendelea kuonesha mahali pa mwisho kwa utulivu kabisa. Mashua inayokwenda noti 6 inapita kilomita 1.85 kwa dakika kumi. Mtu anayeingia mlango wa Njao au wa Fundo usiku, na mwamba huku na huku, akiamini namba ya dakika kumi zilizopita, anaweza kupasua mashua.

Kwa hiyo kila sekunde, kabla ya kuandika, uliza mambo mawili: gps.location.isValid(), na gps.location.age(), ambayo inatoa umri wa kipimo kwa milisekunde. Umri ukizidi 3000, futa namba zote uandike HAKUNA GPS. Usizipunguzie mwanga, usiweke kijinyota pembeni, zifute. Halafu jaribu mwenyewe nchi kavu: chomoa waya wa TX kifaa kikiwa kinafanya kazi, uhesabu sekunde mpaka ujumbe utokee. Funika antena kwa sufuria, hesabu tena. Mwoneshe na ami, ajue maneno hayo yakitokea maana yake nini. Dira yake asiiache nyumbani, na kifaa kikae ndani ya boksi lisiloingia maji, nyaya zikiwa zimetiwa solda, si za kuchomeka kwenye bredibodi.

Fanya kwa mpangilio huu huu, kitu kimoja kwa mara moja, na usiende hatua ya pili kabla ya kwanza haijasimama. Ukikwama, usinitumie picha ya skrini. Nitumie mistari ghafi ya dakika moja kama ilivyotoka kwenye moduli, vihesabio vitatu, na loop() yako yote bila kuificha delay, kisha niambie ulikuwa umekaa wapi na ilikuwa saa ngapi.